Barua ya Rufaa Kutoka Pwani ya Ruvuma

Machi 1866 manowari ya Kiingereza iitwayo Penguin ilifika kwenye mlango wa mto Ruvuma, ikifuatana na jahazi lililosheheni ngamia, nyati, nyumbu na punda. Aliyewaleta wanyama hao ni David Livingstone. Mto huo alikuwa akiujua: miaka mitano nyuma alijaribu kuupanda kwa meli, akashindwa na mafungu ya mchanga. Safari hii alitaka kwenda kwa miguu, lakini mikoko ya mlangoni haikuacha pa kuteremshia ngamia. Wakageuza kwenda kaskazini, wakaingia ghuba ya Mikindani, na tarehe 24 ya mwezi huo msafara ukashuka pwani.

Vitabu vya shule humfuata mtu huyu kuanzia Mikindani kama mpelelezi wa nchi na adui wa biashara ya utumwa. Hapa nitamfuata kama mgonjwa. Livingstone alikuwa daktari, amesomea kazi hiyo Glasgow, na kwa miaka mingi alikuwa akitokwa na damu kwa njia ya haja kubwa. Alipokuwa Uingereza mara ya mwisho, mwaka 1864, alishauriwa afanyiwe upasuaji wa bawasiri. Akakataa, kwa kuwa hakutaka maradhi yake yawe habari ya magazetini. Akaondoka na damu yake, akaja nayo hadi Ruvuma, akapanda nayo bara.

Alikufa tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, kwenye nchi ambayo leo ni Zambia. Shajara yake ya miezi ya mwisho inataja kutokwa damu mara kwa mara, damu nyingi, hadi mtu aliyezoea kutembea nchi nzima kwa miguu akawa wa kubebwa kwenye machela. Wenzake Waafrika, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliamua kuirudisha maiti pwani. Ili iweze kukaushwa ilibidi tumbo lifunguliwe, na kazi hiyo akapewa Farijala, ambaye aliwahi kumtumikia daktari mmoja Unguja na kuona namna maiti inavyopasuliwa. Upande wa kushoto, chini, alikuta bonge kubwa la damu iliyoganda. Moyo na matumbo wakavizika pale pale chini ya mti. Mwili wakaubeba hadi Bagamoyo.

Madaktari wamebishana juu ya bonge hilo kwa zaidi ya karne moja. Bawasiri, kuhara damu, malaria, kila mmoja ana lake. Ninachokiona mimi ni kwamba mtu wa kwanza kutazama ndani ya tumbo la mgonjwa huyu alikuwa Farijala, na alitazama mgonjwa akiwa ameshakufa. Kila kilichomchelewesha Livingstone kingali kinawachelewesha watu wa pwani ile ile aliyoshukia: aibu ya kutaja sehemu ya mwili, mazoea ya kuita kila damu bawasiri, umbali wa daktari, na kukosekana kwa chombo cha kuonea. Chombo kilikuja kupatikana. Jinsi ya kuamua nani apelekwe kwenye chombo hicho, na lini, ndiyo historia ninayotaka kuisimulia.

Hospitali za kusini zilitangulia bandari na barabara zake. Wabenedikto walianza Ndanda mwaka 1906, baada ya misheni yao ya Lukuledi kuchomwa moto wakati wa Maji Maji, na mwishoni mwa miaka ya 1920 akawapo hapo Sista Thekla Stinnesbeck, mtawa aliyekuwa pia daktari. Upande wa Waanglikana, Masasi, alifika mwaka 1935 daktari mpasuaji Mwingereza aitwaye Leader Stirling. Aliwekwa Lulindi, chini ya uwanda wa Makonde, katika hospitali ya udongo na nyasi. Alikaa kusini miaka mingi, kwanza Lulindi kisha Mnero kwa Wabenedikto, akawa raia wa Tanzania, na kuanzia 1975 hadi 1980 alikuwa Waziri wa Afya katika serikali ya Mwalimu Nyerere. Nchi chache zimepata waziri wa afya aliyejua kwa mikono yake mwenyewe maana ya mgonjwa kubebwa machela siku mbili kutoka kando ya mto.

Mgonjwa wa utumbo aliyefika kwenye hospitali kama hizo alikutana na vyombo vichache. Cha kwanza ni kidole cha daktari chenye glavu. Cha pili ni bomba gumu la chuma, refu kama sentimita 25 hivi, la aina aliyoitengeneza Howard Kelly huko Baltimore mwaka 1895. Utumbo mpana wa mtu mzima una urefu wa karibu mita moja na nusu, unapanda upande wa kulia wa tumbo, unakatiza juu, unashuka kushoto, unapinda, ndipo unafika nje. Bomba gumu haliwezi kupinda nao. Lilionyesha sehemu ya mwisho tu, na sehemu nyingine zote zikabaki gizani. Palipokuwa na eksirei, daktari angeweza kuingiza uji mweupe wa bariamu kwa njia ya haja kubwa na kupiga picha. Kivuli cha uvimbe mkubwa huonekana, mdogo hupotea.

Basi daktari alitibu kwa kukisia, na makisio yake yalikuwa na busara. Nchi ina amiba. Anayehara damu huenda ana amiba. Tangu Leonard Rogers alipoonyesha huko Calcutta mwaka 1912 kwamba sindano za emetini huiua amiba, dawa hiyo ilikuwa mkombozi wa hospitali za nchi za joto. Mgonjwa alichomwa sindano. Wengi walipona. Asiyepona alirudi nyumbani, na kwenye daftari la hospitali jina lake halikuonekana tena.

Watu hao waliotoweka kwenye daftari ndio wanaonihuzunisha zaidi katika historia hii yote, kwa sababu kutokuwapo kwao kulikuja kuhesabiwa kuwa ushahidi.

Mwaka 1961, miezi ambayo Tanganyika ilikuwa inajiandaa kwa uhuru, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago mjini Kampala, Denis Burkitt, alipanda gari kuukuu pamoja na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson. Wakashuka kusini hadi Afrika Kusini, katika safari ya takriban maili 10,000, wakisimama hospitali baada ya hospitali kuuliza habari za uvimbe wa taya kwa watoto. Safari hiyo iliipa dunia ramani ya saratani ambayo leo ina jina lake. Baadaye, akiwa amerudi Uingereza, Burkitt aligeukia utumbo mpana. Alikuwa na mtandao wa hospitali za misheni barani Afrika zilizomjibu barua zake, akaziuliza swali moja kwa maradhi mengi: mnaona wagonjwa wangapi? Kwa saratani ya utumbo mpana majibu yalikuwa karibu yale yale. Hatuoni, au tunaona mmoja kwa mwaka.

Mwaka 1971 alichapisha hoja yake. Waafrika wa vijijini, alisema, wanakula nafaka isiyokobolewa, mihogo, maharage na majani. Chakula chao kina nyuzi nyingi, kinapita tumboni upesi, choo chao ni kikubwa na laini. Wazungu wanakula mkate mweupe na sukari, chakula kinakaa siku nyingi, na utumbo unaumia. Hoja ilipendwa duniani kote na sehemu yake kubwa imethibitika: mlo wenye nyuzi hupunguza hatari. Burkitt alikuwa mtu mnyoofu, aliyewapenda watu aliowatibu, na simhesabii dhambi.

Ila hoja njema ikisafiri bila masharti yake hugeuka kuwa pazia. Madaktari wa vizazi vilivyofuata walifundishwa kwamba saratani ya utumbo mpana ni ugonjwa wa Wazungu. Mwanafunzi aliyekariri hivyo, akipangiwa kituo cha afya na kuletewa mkulima wa miaka 42 anayetoka damu na kukonda, atawaza amiba, atawaza kichocho, atawaza kifua kikuu cha tumbo na bawasiri. Saratani haitamjia akilini. Na asipoiwaza hamwandikii mgonjwa rufaa. Mgonjwa asipoandikiwa rufaa haonekani Muhimbili, hospitali ya taifa iliyoko Dar es Salaam. Asipoonekana Muhimbili haingii kwenye hesabu. Na hesabu ikiwa ndogo, mwalimu wa mwaka unaofuata atafundisha tena kwamba ugonjwa huo haupo. Ni kweli ulikuwa adimu. Lakini uadimu wenyewe ulipimwa kwa kuhesabu waliofika, na waliofika ni wale waliokuwa na njia, nauli na mtu wa kuwatuma.

Wakati Burkitt anatuma barua zake, chombo cha kuonea kilikuwa tayari kinatengenezwa. Basil Hirschowitz, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi Michigan, alifunga pamoja maelfu ya nyuzi za kioo nyembamba kuliko unywele, zinazopitisha mwanga hata zikipindwa. Mwaka 1957 akaumeza mpira wa kwanza wa namna hiyo yeye mwenyewe kabla ya kuujaribu kwa mgonjwa. Hicho kilikuwa chombo cha tumbo la juu. Mwaka 1963 Bergein Overholt akautumia ubunifu huo kwa njia ya chini. Kisha mwaka 1969, katika hospitali ya Beth Israel mjini New York, William Wolff na Hiromi Shinya, Mjapani mwenye mikono ya ajabu, walikuwa wakiuzunguka utumbo mpana wote hadi mwanzo wake. Shinya akaongeza kitanzi cha waya kinachopitishwa ndani ya mpira ule ule: kinakinasa kinyama kilichoota ukutani mwa utumbo, umeme mdogo unapita, kinyama kinakatwa na damu inazibwa. Kazi ambayo zamani ilihitaji kupasua tumbo zima ikawa ya saa moja, na mgonjwa akarudi nyumbani.

Hapo ndipo thamani ya kolonoskopia, yaani kuutazama utumbo mpana kwa mpira huo, inapotofautiana na vipimo vingine vingi. Inaona, inachukua kipande kidogo cha nyama kwa ajili ya maabara, na inaondoa. Saratani nyingi za utumbo mpana huanza kama vinyama visivyo na madhara, na huchukua miaka, mara nyingi kumi au zaidi, kugeuka. Mwaka 1993 Sidney Winawer na wenzake walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu zaidi ya elfu moja waliokatwa vinyama hivyo nchini Marekani: saratani zilizojitokeza kwao baadaye zilikuwa chache mno kuliko ilivyotarajiwa. Ni mara chache katika udaktari kipimo kimoja kikawa pia kinga.

Chombo chenye sifa hizo hutamaniwa na kila mtu. Ulaya na Marekani ziliingia kwenye tatizo ambalo kusini mwa Tanzania hatujawahi kulionja: wagonjwa wengi kupita kiasi. Daktari wa mtaa akaruhusiwa kumwandikia mtu kipimo moja kwa moja bila kupita kwa bingwa. Mwenye gesi tumboni akaandikiwa. Mwenye wasiwasi akaandikiwa. Aliyepimwa mwaka jana akakutwa mzima akaandikiwa tena. Foleni zikarefuka, na ndani ya foleni, nyuma ya hao wenye wasiwasi, akasimama mtu mwenye saratani akisubiri zamu yake.

Mwaka 1998 jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali lilikutana Lausanne, Uswisi, kujaribu kulitatua tatizo hilo. Waliorodhesha mamia ya hali za wagonjwa, kwa umri, dalili na vipimo vilivyokwisha kufanyika, na kila mjumbe akaipa kila hali alama kuanzia 1 hadi 9. Alama za juu maana yake mpeleke mgonjwa. Za chini, usimpeleke. Za katikati, tumia akili yako. Kazi hiyo ilirudiwa miaka kumi baadaye. Watafiti walipochukua mizani hiyo na kwenda nayo hospitalini wakakuta kwamba kati ya mtu mmoja kwa watano na mmoja kwa watatu alikuwa amepelekwa bila sababu tosha. Wakakuta pia jambo ambalo kila tabibu mwangalifu angelikisia: waliopelekwa kwa sababu nzuri walikutwa na ugonjwa mara nyingi zaidi kuliko wale wengine. Faida ya mpira ule inaanzia kwenye kalamu ya anayetuma.

Lakini mizani ya Lausanne iliundwa kwa watu wanaoishi mwendo wa nusu saa kutoka hospitalini. Tuirudishe pwani.

Nchi ilipojenga ngazi zake za tiba baada ya uhuru, zahanati chini, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya mkoa, hospitali ya rufaa ya kanda, na Muhimbili juu, kanda nyingine zilipata ngazi ya mwisho mapema. KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka 1971, na mwaka huo huo Bugando ikafunguliwa Mwanza. Mtwara na Lindi hazikupata. Mgonjwa wa Ligula, hospitali ya mkoa mjini Mtwara, akihitaji bingwa asiyekuwapo alivuka ngazi nzima na kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 550.

Na kilomita hizo hazikuwa sawa na kilomita za kwingine. Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko. Masika ikija, matope ya udongo mweusi yalimeza malori, na wasafiri wa kusini wakalala njiani siku kadhaa. Wengi walingoja meli. Daraja lililopewa jina la Rais Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi, lilifunguliwa mwaka 2003, na hata hapo kipande cha kutoka Ndundu hadi Somanga kiliendelea kuwatesa watu kwa miaka mingi kabla ya kupata lami. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, maji yaliikata barabara hiyo hiyo na mabasi yakakwama. Anayeandika barua ya rufaa Mtwara anaandika pia, atake asitake, juu ya hali ya hewa.

Sasa mtazame mgonjwa aliyepewa barua hiyo kabla kusini haijapata hospitali yake ya kanda. Tuseme ni mama wa Msimbati au mkulima wa Kilambo, karibu na kivuko cha kwenda Msumbiji. Bima hana. Fedha ya mwaka inaingia mara moja, korosho zinapouzwa mnadani kuanzia Oktoba, na tangu utaratibu wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007 malipo huja baada ya mnada, si siku ya kupima mzigo. Dalili ikianza Machi, nauli inapatikana Novemba. Anaondoka alfajiri kwa basi, anafika jioni kwa ndugu Mbagala, Dar es Salaam. Kipimo chenyewe kinadai utumbo uwe mtupu kabisa: siku nzima bila chakula kigumu, chai ya rangi na maji tu, kisha lita kadhaa za dawa ya kuharisha usiku, katika nyumba ya watu yenye choo kimoja cha uani. Utumbo usiposafika daktari haoni kitu na mgonjwa anaambiwa arudi. Mjini mwenye bima atakasirika. Kwa aliyeuza korosho, hiyo ndiyo safari yake pekee.

Kwa hiyo swali la Lausanne, nani asipelekwe, lina uzito mara mbili pwani ya Ruvuma. Kumpeleka asiyehitaji ni kumfilisi. Swali la pili, ambalo jopo la Lausanne halikuwa na haja ya kulisisitiza, ni nani anayehitaji na hajapelekwa. Kwa Mtwara hili ndilo kubwa zaidi, na nalisema bila kusita.

Ugumu wake uko kwenye dalili zenyewe. Miongozo ya Ulaya inasema mtu mzima mwenye upungufu wa damu wa kukosa madini ya chuma, bila sababu inayojulikana, apelekwe. Huku sababu inayojulikana ipo chini ya miguu: safura, minyoo inayoingia kwa ngozi ya mguu mtupu na kunyonya damu kwenye utumbo mwembamba. Ukimpeleka kila mwenye safura, utajaza mabasi. Ukimwita kila mwenye upungufu wa damu kuwa ana safura, utamzika mwenye saratani ya upande wa kulia wa utumbo, kwa maana hiyo hutoa damu kidogo kidogo, haionekani kwa macho, na dalili yake ya kwanza huwa ni uchovu. Njia ya kati ipo, na ni ya bei ndogo: mpe dawa ya minyoo na vidonge vya chuma, mwite baada ya miezi miwili, pima damu tena. Mzee wa miaka 55 ambaye ametibiwa safura sawasawa na damu yake haijapanda hana tena sababu inayojulikana. Huyo aandikiwe.

Kichocho nacho. Cha ukanda huu wa pwani ni hasa kile cha mkojo, na watu wamekizoea kiasi kwamba mtu akisema "natoka damu" tabibu anaweza kuandika kichocho kabla hajauliza inatokea njia ipi. Swali ni fupi, ila linavuka mpaka wa haya. Kijana wa kiume hatamjibu kirahisi muuguzi wa rika la mama yake, na mama mtu mzima hatamweleza tabibu aliye sawa na mwanawe. Wakunga na wahudumu wazee wa zahanati wanajua kulizunguka jambo hili kwa maneno ya heshima. Ujuzi huo hauandikwi kwenye mwongozo wowote.

Na bawasiri. Damu nyekundu, mbichi, inayodondoka baada ya choo kigumu kwa mama aliyejifungua juzi, karibu kila mara ni bawasiri kweli, na mpira wa New York hauhitajiki. Lakini jina hilo linapotolewa bila kutazama linakuwa hatari. Takwimu za Bugando zinaonyesha kwa nini. Phillipo Chalya na wenzake waliwapitia wagonjwa 332 wa saratani ya utumbo mpana na rektamu, yaani kipande cha mwisho kabla ya njia ya haja kubwa, waliotibiwa Mwanza kati ya 2006 na 2011. Sehemu iliyoshambuliwa zaidi ilikuwa rektamu na kipande cha utumbo kinachoungana nayo. Sehemu kubwa ya rektamu inafikika kwa kidole. Hakihitaji umeme, bima wala bingwa. Kinahitaji glavu, mafuta ya kulainisha, pazia, na tabibu asiyeona aibu kwa niaba ya mgonjwa. Uvimbe mgumu, wenye kingo zisizo sawa, ukiguswa hivyo katika zahanati ya Nanyamba, mgonjwa ameshapata nusu ya jibu, na barua yake haipaswi kungoja mnada wa korosho.

Takwimu hizo hizo zina jambo jingine linalopaswa kubandikwa ukutani kwa kila tabibu. Umri wa katikati wa wagonjwa wale ulikuwa miaka 46. Marekani, ambako watu wazima hupimwa hata bila dalili, ilikuwa ikianza na miaka 50 na mwaka 2021 ikashusha hadi 45. Tukiazima kigezo hicho cha umri kama kilivyo, karibu nusu ya wagonjwa wa Mwanza wangeambiwa bado ni vijana mno. Na wengi wao walifika ugonjwa ukiwa umekwisha kwenda mbali, hatua ya tatu na ya nne.

Dar es Salaam nako hesabu ilikuwa inageuka. Leonard Katalambula na wenzake walipofungua majalada ya taasisi ya saratani ya Ocean Road na ya Muhimbili ya kuanzia 2005 hadi 2015, walikuta wagonjwa wa saratani hii wameongezeka takriban mara sita, na waliotoka Dar es Salaam ndio wengi. Sehemu ya ongezeko hilo ni maisha yaliyobadilika: sukari, mafuta, unga uliokobolewa, kukaa, pombe na sigara, pamoja na umri wa kuishi uliorefuka. Burkitt angelitambua hilo mara moja. Ila ramani yenye wagonjwa wengi karibu na hospitali na wachache mbali nayo nimejifunza kuisoma kwa hadhari. Inaweza kuwa inaonyesha ugonjwa ulipo. Inaweza kuwa inaonyesha mabasi yanapofika.

Septemba 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua rasmi Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini huko Mitengo, kando ya Mikindani, baada ya ujenzi wa miaka mingi. Ngazi iliyokosekana kwa zaidi ya miaka 50 ikawekwa mahali pake. Kwa mtu wa Msimbati, kufika kwa bingwa na kurudi nyumbani kunawezekana sasa ndani ya siku moja. Novemba mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote.

Umbali ukipungua, thamani ya barua inaongezeka, maana foleni ya Ulaya nayo inaweza kujengeka hapa. Nimesoma na kusikia mengi juu ya mashine. Juu ya karatasi ile ya rufaa husemwa machache. Barua nyingi za rufaa huandikwa kwa mstari mmoja: maumivu ya tumbo, kwa uchunguzi zaidi. Bingwa anayeipokea hajui amweke mgonjwa kesho au mwezi ujao. Barua yenye kufaa ingesema damu inatoka tangu lini na ni ya rangi gani. Choo kimebadilika kwa wiki ngapi. Mgonjwa amepungua kilo ngapi. Kidole kimegusa nini. Hemoglobini ilikuwa ngapi kabla na baada ya dawa ya minyoo na chuma. Choo kilipopimwa maabara kilikutwa na amiba au la. Kuna mzazi au ndugu wa damu aliyekufa kwa uvimbe wa tumbo. Na mgonjwa ana sukari, presha au dawa za kuzuia damu kuganda, ili maandalizi yasimdhuru. Mistari minane. Yote inaweza kujazwa na tabibu wa kituo cha afya kwa vifaa alivyonavyo, na inatosha kumtenganisha wa kesho na wa mwezi ujao.

Kisha kuna barua ya pili, ile inayopaswa kurudi. Bingwa aliyetazama utumbo wote na kukuta kinyama kimoja akakikata, au kukuta bawasiri tu, au kukuta uvimbe na kuchukua kipande, anamwandikia aliyemtuma mgonjwa: nilikuta hiki, nilifanya hiki, arudi tarehe fulani. Barua hizo zikirudi Nanyamba, Kilambo na Tandahimba, tabibu anajua ni wapi alikisia sawa na ni wapi alipitwa, na mgonjwa anayefuata anaandikiwa vizuri zaidi. Zisiporudi, kila tabibu kijana anaanza upya peke yake, na daftari la zahanati linaendelea kuwa na majina ya watu ambao hakuna ajuaye waliishia wapi.